Chupa Tatu za Mate

Tabora,
Mei 4, 2025

Kwa mpwa wangu Hafsa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Sisi huku wazima, ila mgongo wa shangazi yako Mwanajuma bado unamsumbua. Mdogo wako Najiat yupo, anacheka peke yake tangu aposwe.

Chupa zako tatu zimefika. Amon kondakta wa basi alizileta mpaka kibandani kwangu, kazishika kwa ncha za vidole utadhani mayai ya nyoka. Nikazipanga juu ya meza, katikati ya spana na makopo ya gundi, nikazitazama. Nikasoma maelekezo yako. Nikasema, hapa pana jambo.

Nakuuliza swali la mtu mzima. Watu wa Dar es Salaam wanataka mate ya Tabora ya kazi gani? Damu naelewa, hospitali zina wagonjwa. Lakini mate? Mate ya mzazi ni ya kumtemea mtoto utosini baada ya dua, apate baraka. Hiyo ndiyo kazi yake ninayoijua mimi. Mate yakitoka nyumbani kwa mtu yakaenda kwa watu asiowajua, hiyo ina jina lingine, na wewe umekulia hapa, unalijua.

Pili, nani kakutuma? Usiniambie masomo. Mimi nanusa. Tangu Sadiki alete posa, watu wa kwao Itetemia wananitazama kwa pembeni. Juzi baba yake alikuja kuziba pancha, kipancha ambacho angeziba mwenyewe, akakaa mpaka jua likahama.

"Mzee Mustafa," ananiambia, "hivi marehemu Mabruki alikuwa anaumwa nini hasa?"

"Miguu."

"Miguu tu?"

"Na mikono ikipenda. Tairi lako hili hapa."

Sasa mtu aliyekuja na pancha, maumivu ya marehemu mwanangu anayatafutia nini?

Ukoo wetu hauhitaji kupimwa, Hafsa. Babu Farahani, mzaa babu yangu, alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara. Alitoka Ujiji mpaka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani na hakuugua hata mafua. Pale Malagarasi wenzake wote walilala kwa homa wanatetemeka, yeye akawakorogea uji, akawavusha mtoni mmoja mmoja, mamba wanamtazama tu kwa heshima. Mtu wa damu hiyo unampima nini?

Naandika kwa mkono kwa sababu simu siiamini. Juzi nilitaja tairi kwenye simu, kesho yake simu ikaniletea tangazo la matairi. Nani alikuwa anasikiliza?

Nijibu kwa barua, umpe Amon.

Ni mimi mjomba wako,
Mustafa bin Juma,
Fundi Mkuu wa Baiskeli, Kanda ya Magharibi


Dar es Salaam,
Mei 12, 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shangazi naye shikamoo, nampa pole ya mgongo.

Hakuna aliyenituma juu yako. Najiat na Sadiki walikwenda wenyewe kwa daktari huko Tabora kuuliza kabla ya ndoa, kwa sababu mdogo wake Sadiki ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari alipoandika kuwa nyumbani kwetu naye Mabruki aliugua vile, kitengo chetu kikaomba mate ya Najiat na ya wazazi wake. Wa kwao Sadiki wameshatoa yao.

Nikueleze kazi yangu, maana unawaambia watu mimi ni daktari wa macho na sijui ulilitoa wapi. Nilimaliza shahada ya uzamili mwaka jana, lakini hiyo haitoshi. Sasa niko kwenye mafunzo ya vitendo katika maabara ya vinasaba. Kwenye mate mna chembe ndogo za mwili wa mtu, na ndani yake mna maandishi aliyorithi kwa baba na mama. Mimi najifunza kuyatoa, kuyasoma pale penye kasoro, na kuandika majibu ambayo daktari atampa mwenyewe. Kila ninachofanya kinakaguliwa na msimamizi wangu, Dkt. Gaudensia. Asiposaini yeye, sisajiliwi, nabaki na cheti cha kutundika ukutani.

Mtu anaweza kubeba nusu ya selimundu maisha yake yote asiugue. Shida ni wabebaji wawili wakioana, hapo mtoto anaweza kurithi pande zote mbili. Najiat anataka kujua hilo tu.

Kwa kawaida mate hutemwa mbele ya muuguzi. Mimi niliomba tuwatumie chupa nyumbani kwa ajili ya mgongo wa shangazi, na kwa kuwa wewe kibanda hukifungi hata kwa msiba. Dkt. Gaudensia aliniuliza, "Hao watu unawaamini?" Nikamwambia mjomba ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Akakubali.

Kwa hiyo tafadhali: kila mtu ateme mwenyewe kwenye chupa yenye namba yake, mpaka kwenye mstari. Asiyetaka, chupa yake irudi tupu. Halazimishwi mtu.

Mpwa wako,
Hafsa


Tabora,
Mei 25, 2025

Kwa mpwa wangu Hafsa,

Marahaba.

Nimekuelewa. Sijashawishika, ila nimekuelewa, hivyo ni vitu viwili tofauti. Sisi wa darasa la saba la zamani tulifundishwa kutofautisha.

Chupa anazo Amon, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la maziwa, pamoja na asali ya Sikonge na michembe ya viazi. Michembe ule na wenzako, asali usimpe huyo Gaudensia mpaka nimjue vizuri. Mwambie kazi imefanyika kwa usimamizi wangu mimi mwenyewe, zimejaa mpaka mstari na kupita. Haitakuja siku wakasema Tabora walituma pungufu.

Ila kazi yenu ni nzito jamani. Kinywa changu kimekauka mpaka leo, nikisema neno ulimi unakwangua kama jiwe la kunolea. Nilinyonya ukwaju mpaka meno yakashika ganzi. Ukwaju ukaisha, nikamtuma Najiat sokoni, akaniuliza, "Baba, unapika nini?" Nikamwambia dawa ya kikohozi. Babu Farahani, yeye na pembe zake mbili begani, alikatiza mbuga za Ugogo bila maji na bado alikuwa anapiga mluzi. Sisi wajukuu tumelegea.

Sasa usisahau. Majibu yakitoka niletee mimi, yasipite Itetemia wala kwa daktari. Baba yake Sadiki jana kapita tena. Baiskeli yake haikuwa na ubovu wowote. Eti kaja kusalimia!

Ni mimi mjomba wako,
Mustafa bin Juma,
Fundi Mkuu na Mlinzi wa Familia


Dar es Salaam,
Juni 17, 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimepiga simu siku nyingi hupokei, na Najiat hapokei pia. Naomba hii uisome yote.

Kabla hatujatafuta ugonjwa wowote, huwa tunasoma alama za utambulisho, tujue kila chupa ni ya nani na hazikuchanganyika. Chupa ya shangazi imesoma mwanamume. Chupa ya Najiat imesoma mwanamume. Na si mwanamume yeyote, mjomba. Ni yule yule wa chupa yako. Chupa tatu, mtu mmoja.

Dkt. Gaudensia aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Umechota chupa moja ukagawa mara tatu," akasema. "Ni uzembe au haraka?"

"Sikufanya hivyo, daktari."

"Basi nani?"

Akamwagiza mwenzangu Marko arudie kazi yote tangu mwanzo kutoka kwenye chupa zenyewe. Likatoka lile lile. Nilidhani nimepona. Dkt. Gaudensia akanitazama akasema, "Basi kilichobadilishwa ni kilichomo ndani ya chupa. Na aliyezipokea akazifungua ni wewe."

Nimeondolewa mezani. Sasa hivi naosha vyombo na kubandika namba kwenye makopo matupu, na nikiingia chumba cha chakula wenzangu wanakumbuka wana kazi mahali. Katikati ya Julai watakaa kikao kuamua kama naendelea na mafunzo au narudi nyumbani. Maabara haiwezi kumpa sahihi mtu ambaye haijulikani mkononi mwake kulipita nini.

Hebu nieleze siku ile mlivyotema mate. Nani alianza, nani alishika chupa. Kitu kidogo tu kinaweza kunisaidia.

Hafsa


Tabora,
Juni 24, 2025

Kwa mpwa wangu Hafsa,

Marahaba.

Si nilikwambia? Nilisema hapa pana jambo, ukaniona mshamba. Sasa jambo ndilo hilo.

Kwanza, mashine. Imetengenezwa wapi? Na imewahi kuona mate ya Mnyamwezi kabla ya hapo? Inawezekana haijatuzoea, ikatuona wote sawa, kama mgeni anavyoona mbuzi wetu.

Pili, Amon. Huyu kondakta siku hizi kavaa viatu vipya. Basi lilisimama Manyoni kwa chakula, kopo liliachwa kwenye kiti. Mimi simtaji mtu, nakupa picha tu.

Tatu, huyo Gaudensia mwenyewe. Mtu anayefunga mlango kabla ya kusema ana lake. Kwao wapi? Hana jamaa Itetemia? Ulimpa asali? Nilikukataza.

Nne, huyo Marko, aliyerudia akapata lile lile. Haraka ile ya nini?

Unaniuliza siku ile ilikuwaje. Ilikuwa siku ya kawaida. Kila kitu kilifanyika kwa utaratibu na kila mtu alikuwa kwenye nafasi yake. Babu Farahani aliposafiri na pembe nne, mbili kila bega, kuna Mwarabu alimsingizia njiani kuwa kaficha ya tano. Alifanya nini? Hakubishana. Alikaa kimya mpaka Bagamoyo, ukweli ukajionyesha wenyewe. Na wewe kaa kimya. Watachoka.

Najiat hapokei simu kwa sababu simu nimeichukua mimi kuitengeneza. Ilikuwa na sauti ndogo.

Barua hii usimwonyeshe mtu.

Mustafa bin Juma,
Fundi


Dar es Salaam,
Julai 1, 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Jana nilizitoa barua zako zote nikazisoma tena kwa kufuatana. Ile ya mwisho wa Mei unasema kinywa kilikauka ukanyonya ukwaju mpaka ukaisha, ukaagiza mwingine. Chupa moja ni vijiko viwili vya chai. Mtu mmoja chupa moja hahitaji ukwaju. Na Najiat aliyeutafuta sokoni hakujua ni wa nini.

Sasa nakuuliza wewe, simwulizi Amon. Ulizijaza zote?

Sijamwambia Dkt. Gaudensia ninachokishuku. Nikisema mimi, nitaonekana natafuta mtu wa mbali wa kumtupia. Ni wewe tu unayeweza kusema na ukaaminika. Kikao ni tarehe kumi na nne.

Nikueleze jambo ambalo sikuwahi. Mimi na Mabruki tulikuwa tunalala chumba kimoja, unakumbuka. Akishikwa na maumivu alikuwa ananing'ata mkono ili asipige kelele, maana alikuwa hapendi uamke uanze kuhangaika na baiskeli kumpeleka kwa waganga. Alama ya meno bado ninayo. Watu wakiniuliza hapa kwa nini nilichagua maabara, nawaambia napenda sayansi.

Sikulaumu. Nataka tu nibaki mezani pangu.

Hafsa


Tabora,
Julai 6, 2025

Dada Hafsa,

Salamu. Naandika haraka, nampa Amon mwenyewe, na viatu vyake anavyovisema Baba ni vile vile vya zamani, kavipaka rangi tu.

Sisi hatujatema mate yoyote. Baba alitwambia chupa zilifika zimepasuka, kwamba utaleta nyingine. Mimi nilikuwa nangoja. Nilikuwa naona labda na wewe umenificha kitu, ndiyo maana kimya.

Juzi ilikuja barua yako. Baba aliisoma kibandani akaiweka mfukoni, akafunga kibanda asubuhi, watu wakaja kuuliza nani kafa. Akaingia ndani, akakaa mkekani. Mama akamwuliza kulikoni. Akaanza hadithi ya Malagarasi. Mama akamwambia, "Baba Najiat, mamba wapumzike leo." Ndipo akanipa barua nikaisoma kwa sauti.

Mama akaichukua barua, akaikunja. Halafu akasema, "Miaka yote unawaambia watu ugonjwa wa Mabruki ulitoka kwetu. Ukaletewa chupa ya kuhakikisha, na yangu ukaitema wewe?"

Baba akavua kofia, akaiweka mkekani.

Sasa kaomba karatasi nzuri zisizo na mistari na amenifukuza asiharibu mwandiko. Simu yangu kanirudishia. Haikuwa na ubovu.

Mdogo wako,
Najiat


Tabora,
Julai 7, 2025

Kwa Mheshimiwa Daktari Gaudensia,
Maabara ya Vinasaba, Dar es Salaam

Salamu nyingi baada ya salamu.

Anayekuandikia ni Mustafa bin Juma, fundi baiskeli wa kwanza mjini hapa kwa umahiri, kitukuu wa kirangozi Farahani aliyebeba pembe, idadi yake watu wanabishana, kutoka Ujiji mpaka pwani. Nimewahi kunyoosha rimu iliyokanyagwa na lori la tumbaku, na mwenye baiskeli akapanda siku ile ile mpaka Kipalapala, mapadre ni mashahidi. Nataja haya ili ujue unasoma barua ya mtu wa namna gani.

Mheshimiwa, mtu aliyemo ndani ya zile chupa tatu ni mimi. Zote. Mpwa wangu hakuchota, hakugawa, hakubadilisha. Nilikaa nyuma ya kibanda changu na ukwaju nikatema ya kwangu, nikatema ya mke wangu, nikatema ya binti yangu. Hakuna aliyenisaidia.

Utauliza kwa nini. Mimi ndiye mkuu wa nyumba. Nikialikwa naitikia kwa niaba ya wote, nikichangishwa natoa kwa niaba ya wote. Niliona damu ya nyumba ni moja, mate ya baba yatatosha. Tena sikupenda mate ya mwanangu wa kike yaende mbali mikononi mwa nisiowajua. Wewe ungekuwa baba ungenielewa, lakini najua wewe ni mama, kwa hiyo utanielewa zaidi. Na nilijua ya kwangu ni safi. Nilitaka yasome safi mara tatu, ndoa ipite, watu wa Itetemia waache kunijia na pancha za uongo.

Nilikushuku pia wewe. Hilo nalifuta.

Ukiona mzee huyu anamkinga mpwa wake kwa uongo, una haki, mimi mwenyewe ningeshuku. Basi usiniamini. Lete chupa ya nne. Nitatema mbele ya muuguzi, mbele ya polisi ukitaka, mbele ya gulio zima, uilinganishe na zile tatu. Mashine yako itaniona. Naanza kuamini inaona vizuri.

Hafsa nilimlea kwenye karia ya baiskeli. Alikuwa anakaa nyuma anasoma vibao vya maduka kwa sauti, na akikosea anataka nirudi nyuma asome upya, na mimi narudi. Mtoto wa namna hiyo hagawi chupa moja mara tatu.

Wako mtiifu,
Mustafa bin Juma


Dar es Salaam,
Julai 20, 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Dkt. Gaudensia aliisoma barua yako kikaoni, mstari kwa mstari, mpaka rimu na lori. Sikujua nitazame wapi. Alipomaliza akavua miwani, akasema, "Huyu mzee amejisifu ukurasa mzima ili apate nguvu ya kusema kitu kimoja. Nakitaka hicho kimoja kithibitishwe." Kwa hiyo chupa ya nne inakuja kweli. Muuguzi anaitwa Koleta, mtakwenda kwake wote watatu. Gari dogo la kliniki litampitia shangazi kwa ajili ya mgongo.

Sikufukuzwa. Lakini sikusafishwa kabisa pia. Dkt. Gaudensia aliniambia, "Mjomba wako alikosa lake. Lako ni kuniomba nivunje utaratibu kwa sababu unampenda mtu." Nikakubali, kwa sababu ni kweli. Nitarudia sehemu ile ya mafunzo tangu mwanzo, na wenzangu watanitangulia kusajiliwa. Na chupa zenu mpya sitazigusa, atafanya Marko.

Majibu hayatapita kwangu wala kwako. Daktari wa huko atamwita kila mtu peke yake. Ya shangazi ni ya shangazi, ya Najiat ni ya Najiat. Nakujua, mjomba, kwa hiyo nasema mapema: usinitumie barua ya kuniuliza kwa mafumbo.

Asali nilimpa. Amesema hajawahi kuonja nyingine kama hiyo. Hiyo sikuisema ili kukufurahisha, ndivyo alivyosema.

Mpwa wako,
Hafsa


Tabora,
Septemba 14, 2025

Kwa mpwa wangu Hafsa,

Marahaba, mama.

Tulikwenda kwa Koleta, tukatema. Mimi nilimaliza wa kwanza. Najiat alipopewa yake akageuka kidogo, akanipa mgongo, na mimi nikatazama ukutani kwenye picha ya mbu. Niliona ni adabu.

Wiki hii tumeitwa. Daktari ni kijana, lakini anaongea taratibu kama mtu aliyepata malezi. Kaniambia mimi nabeba nusu ya selimundu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia mashine inanijua vizuri, imeshanisoma mara nne, haiwezi kukosea. Kwa hiyo ndiyo hivyo, Hafsa. Yale mate niliyoyasifia usafi.

Halafu akaniambia jambo, wewe kwa nini hukuniambia? Anayebeba nusu, malaria ya kuua haimwezi sana. Nikamshika kijana mkono. Nikamwambia, Malagarasi! Wenzake wote chini wanatetemeka na yeye anakoroga uji! Watu hapa mjini wamenicheka kwa hadithi ile tangu nina nywele. Nilitoka pale nikaanza kumsimulia mlinzi wa getini. Nikafika kwenye mto, nikashindwa kuvuka. Niliwaza, kitu kile kile kilichomnyanyua babu ndicho kilichomlaza Mabruki. Mlinzi akaniuliza, "Ikawaje, mzee?" Nikamwambia nitamalizia siku nyingine.

Shangazi yako kaniambia yake mwenyewe, tukiwa njiani. Naye anabeba nusu. Na ndivyo inavyotakiwa iwe, kijana alinieleza, mtoto hapati mpaka wote wawili watoe. Nilikuwa nasukuma baiskeli, kakaa kwenye karia. Nikamwambia, "Mama Najiat, kumbe tulichangia sawa." Akanipiga begani na mtandio. Halafu hakuutoa mkono begani mpaka nyumbani.

Sasa Najiat.

Aliingia na Sadiki, wakakaa ndani sana. Mimi nje nikahesabu vigae. Walipotoka niliwachunguza nyuso kama ninavyochunguza tyubu majini, natafuta povu. Hakuna kitu. Walikwenda kununua juisi ya miwa, wakanywa kwenye glasi moja. Sasa hiyo ni ishara ya nini? Nikamfuata Koleta nikamwambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, wewe kohoa tu mara moja kama ni ndiyo." Akaniambia, "Mzee, sina kikohozi."

Nyumbani nikamwuliza Najiat mwenyewe. Akaniambia, "Baba, tumeelezwa kila kitu, tumepanga la kufanya, na ndoa ipo." Nikangoja aongeze. Akaniuliza kama nataka chai.

Usiku wangu siku hizi ni mrefu kidogo, sikufichi. Nilifika mpaka kuchukua kalamu nikuandikie kwa mafumbo, nikakumbuka ulivyonikataza, nikaishia kuandika majina ya wageni wa harusi. Sijui, Hafsa. Nakaa kibandani na nalijua kila gurudumu la mji huu, ila hilo la Najiat silijui, na halitaki kujulikana na mimi. Baba yake Sadiki alikuja jana na baiskeli, safari hii pancha ya kweli. Akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikamwambia sijasikia. Akasema na yeye hajasikia. Tukaziba pancha wote wawili, mimi nashika tairi, yeye anapaka gundi.

Harusi ni mwezi wa kumi na moja, Gaudensia umwalike, nitampikia pilau mwenyewe. Wewe uje na mkono wako ule wenye alama, nataka kuuona.

Siku ya kumtoa Najiat nitasimama mlangoni, nitamsomea dua, nitamtemea utosini mate ya baraka kama nilivyotemewa mimi. Hayo yatakuwa ya kwangu kabisa, kwa jina langu. Jana nilijaribu kuisoma ile dua peke yangu hapa kibandani, nione kama bado ninayo yote. Ninayo. Na kinywa kikajaa chenyewe, safari hii bila ukwaju.

Mjomba wako,
Mustafa